Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto

Katika shule moja ya Kitui palitokea kisa kidogo ambacho mahali pengine kingepita bila kutajwa, lakini kwa kijana mmoja kilikaribia kuwa msiba. Shule ilitaka kuhifadhi picha za hati zake za kale, orodha za wanafunzi na karatasi za mitihani, zisije zikaliwa na mchwa kama zilivyoliwa nyingine kabla yake. Kijana huyo, msaidizi wa maabara, akapewa fedha aende Nairobi akanunue diski ya kompyuta ya gigabaiti 500. Akaenda, akanunua, akarudi na stakabadhi yake. Mtunza ghala alikuwa mzee mwenye desturi ya kukikagua kila kitu kabla ya kukitia katika daftari. Akaiunganisha diski ile na kompyuta ya ofisi. Kompyuta ikaonyesha 465. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, hesabu haikubadilika. Ndipo alipoandika kwa wino mwekundu: "Upungufu, gigabaiti 35."

Tangu saa hiyo maneno yakaenea. Wengine walisema mwenye duka amemdhulumu kijana. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, walisema kijana amenunua diski hafifu ya bei ndogo na tofauti ya fedha ameitia mfukoni. Yeye aliapa, akaonyesha stakabadhi, akaonyesha na maandishi ya kasha. Lakini kadiri alivyozidi kujitetea ndivyo alivyozidi kushukiwa, maana aghalabu watu hudhani kwamba asiye na hatia hana maneno mengi. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Jina lake ndilo lililokuwa hatarini, na kazi yake pia.

Nilikuwa mwalimu pale wakati huo, nami nikaombwa nitoe neno, kwa kuwa walimu husadikiwa kujua kila jambo. Nilipolichungua jambo lile niliona kwamba si geni hata kidogo. Ni jambo la zamani sana katika nchi yetu, limevaa nguo mpya tu. Kwa hiyo, msomaji, kabla sijaieleza diski, niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, kwenye biashara ya babu zetu.

Hapo kale watu wa pwani walipima nafaka zao kwa chombo. Chombo kidogo kiliitwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mpimaji aliweza kukijaza kibaba mpaka nafaka ikasimama juu yake kama kichuguu, na hicho kiliitwa kibaba cha tele. Au aliweza kupitisha kijiti juu ya mdomo wa chombo, akaondoa kilichozidi, na hicho kiliitwa kibaba cha mfuto. Chombo ni kile kile, na jina ni lile lile, lakini nafaka iliyotiwa katika mfuko wa mnunuzi si sawa. Basi mtu mwenye akili hakuuliza bei ya kibaba tu. Aliuliza kwanza kama ni cha tele au cha mfuto. Wala haikuwa aibu kuwa na vibaba vya namna mbili. Aibu ilikuwa kuahidi kimoja na kutoa kingine.

Wazee wetu wa Ukambani nao hawakuwa wageni wa mambo hayo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mashuhuri miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia kwake mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya akiwa Kitui. Vitabu humtaja Kivoi kwa ajili ya mlima ule. Mimi hupenda zaidi kumfikiri akiwa Mombasa, mbele ya mizani. Pembe ziliuzwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Na nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mkono wa nani? Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Mtu aliyevuka nyika ya Taru na mzigo kichwani alikabidhi mali iliyopimwa kwa mizani ya wenyeji, akapokea mali iliyopimwa kwa mkono, na kama hakuwa na macho ya kutazama vyote viwili, faida ya safari nzima iliweza kumpotea papo hapo sokoni.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo hayo yalizikwa pamoja na frasila. Chini ya utawala wa Waingereza gunia la mahindi katika Kenya lilihesabiwa kuwa ratili 200. Ratili 200 ni kilo 90 na gramu 700 hivi. Baada ya uhuru wa 1963 nchi iliacha ratili ikashika kilo, na gunia likawa kilo 90, hesabu inayoandikika kwa urahisi. Zile gramu 700 zikaanguka njiani, wala sijasikia mtu aliyezililia. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, gunia la mahindi kwa kawaida ni kilo 100. Kwa hiyo mtu akikuambia mahindi yamefika bei fulani kwa gunia, hujaambiwa neno mpaka ujue amesimama upande gani wa mpaka. Tena kuna lile gunia lililoshonewa kilemba juu likarefuka kama mtu aliyebeba mtoto mabegani, ambalo wachuuzi huliita lumbesa. Hulipiwa bei ya gunia moja, nalo lina zaidi ya gunia moja. Hicho ndicho kibaba cha tele, na anayeumia ni mkulima.

Hata katika masoko yetu ya Kitui na Makueni, ambako mama wa shamba huleta pojo zake, zile tunazoziita ndengu, kipimo cha kila siku ni gorogoro, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mkebe ukigongwa kitako kutoka nje, huingia ndani na kupokea kidogo. Ukigongwa kutoka ndani, hutokeza na kupokea zaidi. Nimeiona ya namna zote mbili katika banda moja, mmoja wa kununulia na mwingine wa kuuzia.

Sasa turudi kwenye diski.

Neno kilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni elfu. Wafaransa walilitia katika sheria yao ya vipimo tarehe 7 Aprili 1795, na tangu hapo kilogramu ni gramu 1,000 na kilomita ni mita 1,000, hapana tele wala mfuto. Baadaye yakaja mega, yaani milioni, na giga, yaani bilioni, ambayo yalithibitishwa na mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo mwaka 1960. Lau watengenezaji wa kompyuta wote wangaliyatumia maneno hayo kama walivyoyakuta, kijana wetu angalilala usingizi.

Lakini kompyuta haihesabu kwa vidole kumi kama sisi. Huhesabu kwa umeme, na umeme katika waya wake una hali mbili tu, upo au haupo. Fikiri ghala lenye vyumba vingi vidogo, na kila chumba huitwa kwa ishara za nyaya. Waya mmoja huweza kutofautisha vyumba viwili; nyaya mbili, vyumba vinne; nyaya tatu, vyumba vinane. Endelea kuzidisha kwa mbili mpaka ufike nyaya kumi, nawe utapata vyumba 1,024. Haviwi 1,000, na kumlazimisha fundi ajenge 1,000 ni kumtaka atupe vyumba 24 bila sababu. Kila chumba kikiweka baiti moja, ambayo ni nafasi ya kutosha herufi moja, ghala hilo lina baiti 1,024. Wahandisi waliitazama hesabu hiyo, wakaona iko karibu sana na elfu, wakaiita kilo.

Tarehe 7 Aprili 1964, siku ile ile ya mwezi ambayo Wafaransa walipitisha sheria yao miaka 169 kabla yake, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine zake za System/360, ambazo zilieneza desturi ya baiti ya biti nane. Katika maandishi ya wahandisi waliozibuni, yaliyochapishwa mwaka uo huo, herufi K ilielezwa waziwazi kuwa ni 1,024. Hapakuwa na hila yoyote. Walisema kibaba chao ni cha tele, nao walisema mbele ya watu.

Diski ilizaliwa katika nyumba nyingine. Diski ya kwanza kuuzwa pamoja na kompyuta ilikuwa ya RAMAC, mashine ya kampuni hiyo hiyo, mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, zikizunguka juu ya mhimili mmoja. Sahani 50 zina nyuso 100. Kila uso ulikuwa na njia 100, kila njia vipande vitano, na kila kipande kiliweka herufi 100. Zidisha, nawe utapata herufi 5,000,000 kamili. Tazama jinsi hesabu ile ilivyojaa makumi na mamia! Diski haikufungwa na idadi ya nyaya, kwa hiyo waliozitengeneza walihesabu kama watu wengine wanavyohesabu, na warithi wao wameendelea hivyo hata leo. Kwao kilo ni elfu, mega ni milioni, na giga ni bilioni.

Basi pakawa na desturi mbili kwa jina moja. Wenye kumbukumbu ya nyaya walitumia kibaba cha tele, wenye diski walitumia cha mfuto, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali, kwa sababu tofauti ilikuwa 24 katika elfu tu. Lakini tofauti hiyo hukua kama riba inayozaa riba. Kilo ya tele ni 1,024. Mega ya tele ni 1,024 mara 1,024, yaani 1,048,576, na tofauti imefika karibu 5 katika mia. Giga ya tele ni 1,073,741,824, na tofauti imepita 7 katika mia. Tera ya tele ni 1,099,511,627,776, na hapo imekaribia 10 katika mia. Watu wa 1964 walipoanza kuazima neno la elfu hawakuwaza kwamba watoto wa shule watakuja kutembea na mabilioni ya baiti katika mifuko ya sare zao.

Nilipoitwa mbele ya mtunza ghala na yule kijana, niliandika ubaoni baiti 500,000,000,000, ambazo ndizo gigabaiti 500 za mtengenezaji. Kisha nikazigawa kwa 1,073,741,824, ambayo ndiyo gigabaiti ya kompyuta ya ofisi. Jibu ni 465 na sehemu juu yake. Nikamwambia yule mzee kwamba ni kana kwamba mtu amepima vibaba 500 vya mfuto, akaleta nyumbani, na mkewe akavipima tena kwa kibaba cha tele, akapata 465. Hakuna punje iliyoanguka njiani.

Mzee akatafakari, kisha akauliza swali lililo bora kuliko maelezo yangu. "Mwalimu, mke akitumia kibaba cha tele, kwa nini asiseme ni cha tele? Mashine hii imeandika gigabaiti, na kasha limeandika gigabaiti."

Hapo ndipo penye kosa, nami sidhani kwamba upande mmoja umetakasika kabisa. Mtengenezaji wa diski ana sheria ya vipimo mkononi, maana giga ni bilioni kwa mataifa yote. Lakini alijua vyema kwamba mnunuzi atakwenda nyumbani na mashine yake itamwonyesha hesabu ndogo zaidi, na kwa miaka mingi alinyamaza. Mwenye kuandika programu ya kompyuta naye alikuwa na sababu ya kutumia 1,024, lakini hakuwa na sababu ya kuiita kwa jina la watu. Mwezi wa Desemba 1998 tume ya kimataifa ya mambo ya umeme iliamua kuzipa hesabu za tele majina yake yenyewe: kibi kwa 1,024, mebi kwa ile inayofuata, na gibi kwa 1,073,741,824. (Kwamba kibi yafanana na kibaba ni bahati tu, lakini ni bahati njema.) Diski ya kijana wetu, kwa majina hayo, ni gigabaiti 500 na pia ni gibibaiti 465, na pande zote mbili zimesema kweli. Lakini majina hayo hayajaenea sana. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilibadili kompyuta zake zihesabu giga kwa bilioni, ilhali Windows ya Microsoft imeendelea kuhesabu kwa tele na kuandika GB. Matokeo yake ni kwamba diski moja ikiunganishwa leo na mashine hii na kesho na ile, yaonekana imepungua na kuongezeka kama mwezi.

Huko Marekani wanunuzi walipeleka malalamiko yao mahakamani. Kampuni ya Western Digital ilikubali mwafaka mwaka 2006, na Seagate mwaka 2007, bila kukiri kosa, na wanunuzi wakaahidiwa vitu vidogo kama programu za kuhifadhia kazi zao. Tangu siku zile makasha mengi huwa na maandishi madogo yanayoeleza kwamba gigabaiti moja ni baiti bilioni moja. Yasome. Maandishi hayo ndiyo kijiti cha mfuto.

Mwanafunzi mwepesi ataniuliza: mbona simu yangu ya gigabaiti 64 imepungukiwa na zaidi ya ile 7 katika mia? Ni kwa sababu nyingine, iliyo rahisi. Daftari la kurasa 200 lina kurasa za yaliyomo, nawe huwezi kuandika insha juu yake. Diski nayo hutenga mahali pa orodha ya kila faili na mahali inapokaa. Na simu hujaa programu zake yenyewe kabla haijafika dukani. Zaidi ya hayo, nafasi hugawanywa kwa mafungu, aghalabu ya baiti 4,096, hata barua yenye herufi 100 hupewa fungu zima, kama mtu mmoja aliyepewa chumba chenye vitanda vinne. Hayo yote si wizi.

Lakini wizi upo pia, na ni vizuri kuujua. Zimeuzwa kadi na flashi ambazo ndani yake mna gigabaiti chache, na kifaa chenyewe kimefunzwa kusema uongo, kikiulizwa hujibu kwamba kina mara kumi zaidi. Ajabu ni kwamba kifaa cha namna hiyo huweza kuonyesha hesabu inayopendeza kuliko kifaa cha kweli. Mwenye nacho hujaza picha zake kwa furaha, na siku ya kuzitafuta hukuta nyingi zimeharibika. Njia ya kukijaribu ni ile ya mtunza ghala mzuri: kijaze chote, kisha usome tena kila kilichotiwa uone kama kimerudi kama kilivyokuwa. Diski inayoonyesha 465 mahali pa 500 haina dalili hiyo ya ugonjwa. Ingeonyesha 300 tungekuwa na neno jingine la kumwambia mwenye duka.

Msomaji wa Makueni asidhani kwamba hili ni suala la maabara za shule tu. Katika kaunti yake, pale Malili kando ya barabara ya Mombasa, upo mji wa Konza, ambao ujenzi wake ulizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Januari 1913 na 100 juu yake, yaani 2013, miaka mia baada ya siku ambazo wazee wetu walikuwa wakilipa kodi kwa wageni. Humo mna kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Mahali kama hapo gigabaiti ni punje. Huhesabiwa petabaiti, ambayo kwa mfuto ni baiti milioni mara bilioni moja. Kwa tele ni 1,125,899,906,842,624. Karani akiandika katika mkataba "petabaiti moja" akidhani ya tele, naye muuzaji akaleta ya mfuto, serikali itapungukiwa na zaidi ya sehemu 11 katika mia ya kile karani alichodhani amenunua, na hakuna mahakama itakayoona kwamba imeibiwa. Vijana wanaosoma hesabu leo katika Wote na Mwingi ndio watakaoandika mikataba hiyo.

Yule mzee wa ghala hakuridhika na ubao. Alitaka kuhesabu mwenyewe, nami nikampenda kwa hilo. Nikafungua mahali ambapo kompyuta hueleza ukubwa wa diski nzima kwa baiti, bila kilo wala giga. Diski zilizo nyingi za namna ile hugawanywa katika vipande 976,773,168, kila kimoja kikiwa na baiti 512, na hivyo ndivyo ilivyokuwa ile yetu. Akazidisha kwa kalamu, polepole, ukurasa mzima, wala hakukubali nimsaidie. Akapata 500,107,862,016.

Wino mwekundu haufutiki, na kwa desturi yake asingekata neno lililokwisha kuandikwa katika daftari la shule. Akageuza kalamu akashika ile ya buluu, akaandika chini yake: "Diski moja, imepokewa. Iliyoagizwa, baiti 500,000,000,000. Ziada, baiti 107,862,016." Kisha akamwita kijana, akamsogezea daftari, akamwambia, "Tia sahihi hapa, mwanangu."